Mwalimu wa fizikia wa Marangu anauliza: niache chaki nikatangaze sayansi?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari huku Marangu, nina miaka 27, niko shule ya binafsi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Tangu mtoto napenda redio kuliko kitu chochote. Nasikiliza kipindi chako cha sayansi na mimi natamani kufanya hiyo kazi, redio na hata TV. Je, inalipa? Nirudi chuo nikasome uandishi wa habari au digrii yangu ya ualimu wa sayansi inatosha? Na mbona huku kwetu siwaoni watu walioifanya hii kazi maisha yao yote?"

Marahaba mwalimu, poleni na baridi ya huko juu. Swali lako nimekaa nalo kama wiki hivi, nalibeba kwenye daladala nikienda studio narudi nalo, maana hicho ulichouliza mwishoni ndo kigumu kuliko vyote na majibu yake yanagusa maisha yangu mwenyewe. Ntakujibu kwa mapana, ila nianze na stori, kwa sababu bila hiyo stori hayo mengine ntakayosema utayaona ni ushauri tu kama ushauri mwingine.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu redioni hapa Arusha. Nilikuwa nasoma matangazo ya vifo na salamu za jioni, alafu nikapewa nusu saa ya Jumamosi, wakaniambia jaza kitu cha elimu, nikaijaza sayansi. Jumamosi moja nikafanya kipindi cha barafu ya Kilimanjaro. Nikasema kwa sauti ya kujiamini kabisa kwamba barafu ikiisha mito ya Moshi itakauka na ile mifongo ya wazee, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, itabaki mitaro mikavu. Nilikuwa nimeisoma mahali, na kila mtu alikuwa anasema hivyo hivyo. Simu ikaingia, mzee mmoja wa Old Moshi, anaongea taratibu. Hakunibishia. Aliniuliza neno moja tu: "Umejuaje?" Nikaanza, unajua mzee wataalamu wanasema, akanikatiza kwa upole, akasema binti yangu, mimi nasafisha mfongo tangu nina miaka kumi, nimeufuata mpaka chemchemi yake, na chemchemi iko msituni, mbali kabisa na barafu, sasa wewe umejuaje? Sikuwa na jibu. Nikaweka wimbo.

Jumatatu yake nikaanza kutafuta kwa bidii ambayo ningepaswa kuwa nayo kabla ya Jumamosi. Nilichokuta ni kwamba barafu kweli inaisha, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilikuwa imefunika zaidi ya kilometa za mraba 11, na kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson waliandika mwaka 2009 kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu la 1912 lilikuwa limeshaondoka kufikia 2007. Ila inaondokaje? Hapo ndo nilikaa chini. Kule juu ni baridi kali na hewa ni kavu mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kuwa maji, inageuka mvuke moja kwa moja, kama vile vibarafu unavyovisahau kwenye friza ukarudi baada ya mwezi unakuta vimesinyaa na hamna tone la maji pembeni. Kuna watafiti kama Georg Kaser na wenzake walioonyesha kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1800 hali ya ukavu, yaani theluji mpya kidogo na mawingu kidogo, imechangia sana. Na maji ya mito? Sehemu kubwa sana inatokana na mvua inayonyesha kwenye msitu, upande wa kusini hasa, barafu mchango wake ni mdogo. Kwa hiyo mwenye uchungu na maji ya Moshi aanze kuulizia msitu, miti inayokatwa na moto unaowaka kule juu karibu kila kiangazi. Mzee alikuwa sahihi, na chombo chake cha kupimia kilikuwa miguu yake.

Wiki iliyofuata nilirudi hewani nikasema nilikosea, nikaeleza nilikosea wapi na nimejuaje sasa hivi. Bosi wangu wa wakati ule hakufurahi, alisema msikilizaji ataacha kutuamini. Kilichotokea ni kwamba simu ziliingia nyingi kuliko wiki zote. Toka siku hiyo "umejuaje" nimeiandika kwenye kikaratasi nimekibandika mgongoni mwa kinasa sauti changu, kinasa sauti kimeshabadilishwa mara nne, kikaratasi nakihamisha.

Sasa mwalimu, hii kazi ndo hiyo. Watu wengi wanadhani mwandishi wa sayansi ni mtu anayejua sayansi nyingi kisha anaimwaga kwa Kiswahili rahisi. Hapana, huyo ni mwalimu, na wewe tayari ni mwalimu, na kwa kweli hilo ndo litakalokusumbua mwanzoni. Mwalimu anapewa silabasi, jibu liko nyuma ya kitabu. Redioni jibu haliko nyuma ya kitabu. Anakuja profesa na utafiti wake, anakuja afisa wa wizara, anakuja muuza dawa za asili, anakuja mwenye kampuni ya mbolea, wote wana sauti nzuri na wote wana uhakika, na wewe umekaa katikati kwa niaba ya mama aliyewasha redio huku anachambua mboga, unauliza umejuaje. Umepima? Umepima watu wangapi, ng'ombe wangapi, mashamba mangapi? Umelinganisha na nini? Nani kakulipia huo utafiti? Na kama ungekuwa umekosea ungegunduaje? Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, mtafiti mzuri linamfurahisha na mbabaishaji linamkasirisha.

Kuhusu chuo. Wewe una fizikia, utafikiri una faida kubwa kuliko mtu wa uandishi. Unayo, ila sio kubwa unavyodhani. Mfano ninaopenda kuwapa vijana ni Miles O'Brien wa Marekani. Alisoma historia chuoni, sio sayansi, akaingia kwenye habari za kawaida za TV, CNN wakamchukua mwaka 1992 aripoti sayansi. Alijifunza kazini, na alikuwa rubani wa ndege ndogo kwa hiyo mambo ya anga alikuwa anayashika kwa mikono. Chombo cha anga cha Columbia kilipovunjika angani tarehe 1 Februari 2003 na wanaanga wote 7 wakafa, yeye ndo alikuwa hewani saa nyingi sana akiwaeleza watu kinachoonekana na kisichojulikana bado. Na kumbuka alikuwa kwenye mipango ya yeye mwenyewe kupanda chombo kama hicho akiwa mwandishi, mpango ukafa siku hiyo hiyo. Alafu Desemba 2008 CNN wakafunga kitengo chote cha sayansi, teknolojia na mazingira, na yeye akatoka. Fikiria, kituo kikubwa vile chenye hela zile. Akaanza kujitegemea, akawa anafanya vipindi vya PBS, televisheni ya umma ya kule Marekani. Februari 2014 akiwa Ufilipino kikazi, sanduku la vifaa likamwangukia mkono wa kushoto, uvimbe ukabana damu, madaktari wakalazimika kuukata juu ya kiwiko. Akaendelea na kazi.

Sikupi huyu mtu ili uone ushujaa tu. Angalia mambo mawili. La kwanza, digrii haikumbeba, kilichombeba ni miaka ya kukaa kwenye eneo moja mpaka akalijua kuliko waandishi wengine wote. La pili, kitengo kilifungwa na kazi haikufungwa, kwa sababu watu walikuwa wanamjua yeye. Na hapo nimeshaanza kujibu swali lako la tatu: huwaoni watu wa kazi hii huku kwetu kwa sababu hamna cheo kinachoitwa hivyo kwenye vituo vyetu vingi. Utaajiriwa kama mtangazaji, au ripota, au mtayarishaji wa vipindi, na sayansi utaibeba mwenyewe kama mzigo wako binafsi, ukihama kituo unahama nao. Mimi nimefanya mpira, nimefanya mahakama, nimesoma matokeo ya uchaguzi usiku kucha, na hiyo nusu saa ya Jumamosi sijawahi kuiachia.

Ila usiseme hatuna asili ya hii kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kupitia Radio Tanzania, watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza redio kwa pamoja, wanajadili, alafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Muulize bibi yako kama yupo, atakuimbia. Na 1993 ukaanza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, wa uzazi wa mpango na UKIMWI, na hapa wewe mtu wa fizikia utafurahi: kwa miaka miwili ya kwanza Dodoma hawakurushiwa, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Ndo wakaona tofauti kwenye matumizi ya uzazi wa mpango. Yaani redio yenyewe iliwekwa kwenye majaribio, hapa hapa Tanzania. Sisi tulio kwenye hivi vipindi vya sasa tunaokota tu kamba iliyodondoshwa.

Sasa kuhusu wapi utapata stori, mwalimu, wewe umekaa juu ya hazina. Nakwambia ukweli, hakuna mkoa ningebadilishana nao. Lyamungu hapo mna kituo cha utafiti wa kahawa, TaCRI, waliotoa miche inayohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Hospitali ya rufaa ya KCMC ipo tangu 1971 na watafiti wake wa magonjwa. Upande wa huku Tengeru kuna Chuo cha Nelson Mandela cha sayansi na teknolojia na kuna watu wa utafiti wa mboga mboga, Njiro wapo TAWIRI wa wanyamapori, Ngaramtoni ile iliyokuwa TPRI ya viuatilifu. Ol Doinyo Lengai, volkano ambayo lava yake ni ya aina yake duniani, imejaa magadi, ina joto la nyuzi kama 500 hivi ambalo ni dogo kwa lava, ni safari ya siku moja. Nyayo za Laetoli zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zina zaidi ya miaka milioni 3 na nusu, ziko mkoa huu huu wa Arusha. Mtu anakuja kutoka London na kamera analala hotelini wiki tatu kupata stori ambayo wewe ungeifuata kwa bodaboda.

Na ukiniuliza stori moja ambayo ningekupa uanze nayo kesho, ningekupa ya mwenzako wa fizikia, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, walikuwa wanatengeneza aiskrimu ya maziwa, nafasi kwenye friza inagombewa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Akaenda sekondari ya Mkwawa, akauliza tena, darasa likacheka. Alipokuja Dr Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara, kijana akasimama akauliza mbele ya watu wote, na yule mtu akaenda kujaribu. 1969 wakachapisha pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa anasoma uhifadhi Mweka, hapo juu ya Moshi tu. Wanafunzi wako wangapi wanajua hilo? Na stori haijaisha, mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto yanaganda kabla ya ya baridi, wengine bado wanabisha. Ukifanya kipindi hicho usiufiche huo ubishi ili kumlinda shujaa wetu. Weka yote, weka na friza ya duka la jirani, jaribuni laivu, msikilizaji aone kwamba swali la mtoto wa Magamba bado linawachosha maprofesa.

Kipindi kilichonifundisha kazi kuliko vyote kilikuwa cha meno. Unajua wenyewe, ukitoka na meno ya kahawia mtu anakwambia wewe wa Arusha. Miamba na majivu ya volkano ya Meru yanaachia floraidi kwenye maji, sehemu kama Ngare Nanyuki na Maji ya Chai inazidi sana ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka, na ikizidi miaka mingi inafika mpaka kwenye mifupa, mtoto miguu inapinda. Nikaandaa kipindi cha maji, nikajiona nimemaliza. Mama mmoja akapiga simu, anasema mbona sisi huku maji yetu yamepimwa ni mazuri na mwanangu meno yanaharibika? Umejuaje kwamba ni maji tu? Nikarudi tena kwa wataalamu, na kumbe wapo waliopima magadi, haya haya tunayoweka kwenye makande na kiburu ili maharage yaive haraka, na mengine yana floraidi nyingi ajabu. Jikoni mwangu mwenyewe kulikuwa na bonge la magadi. Alafu kuna wanaochemsha maji wakidhani wanaiondoa floraidi, wakati kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi inabaki pale pale, na maji yakipungua kwa mvuke ndo kwanza inakolea. Na haina rangi wala harufu, kwa hiyo maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo. Kipindi kimoja kikazaa vipindi sita, na vyote vilitoka kwa wasikilizaji. Ndo maana nakwambia usiogope simu.

Lugha sasa. Hapa ualimu wako utakubana, maana umefundisha kwa Kiingereza cha vitabuni na wanafunzi wamekariri. Redioni hakuna kukariri. Kabla hujatunga neno nenda sokoni kaulize, watu wanalo. Yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini na kugunduliwa Arumeru mwaka 2014, wataalamu wana jina lake la Kilatini, wakulima wakamwita kantangaze, na ukisema kantangaze hewani kila mkulima wa Ngarenanyuki anasimama kusikiliza. Sumu inayotolewa na ukungu wa mahindi na karanga inaitwa sumukuvu, neno zuri kabisa, linajieleza. Ila usidhani kila neno la kamusi linaeleweka. Ukisema vinasaba mama wa shambani atasikia sauti tu, mwambie ni maelekezo anayorithi mtoto kutoka kwa baba na mama, karibu kwenye kila chembe ya mwili, alafu ndo ulete neno lenyewe. Na namba, namba moja kwa dakika inatosha, ukiweka tatu zote zinapotea. Ukiambiwa hatari imeongezeka maradufu uliza kutoka ngapi, maana kutoka mtu 1 kwa 10,000 kwenda 2 kwa 10,000 ni maradufu, na kutoka 10 kwa 100 kwenda 20 kwa 100 ni maradufu pia, na hayo ni mambo mawili tofauti kama mvua na mafuriko.

Lazima nikwambie na upande mgumu. Mwaka 2011 wakati wa kikombe cha Loliondo nilikuwa ripota. Unakumbuka, ulikuwa mtoto, kijiji cha Samunge, marehemu mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe cha dawa yake shilingi 500, magari yamepanga foleni ya siku kadhaa, watu kutoka nchi jirani. Vituo vyote tulikimbilia foleni. Foleni ilikuwa habari kweli, ila tulitangaza waliosema wamepona bila kuuliza wamejuaje, walipima lini kabla na wamepima lini baada. Kuna watu waliacha dawa za UKIMWI na za kisukari. Mmoja alikuwa jirani yetu Kijenge, alizikwa miezi minne baadaye, na mimi sauti yangu ilikuwa kwenye redio aliyokuwa anaisikiliza. Sikumtuma mimi, na simlaumu mtu aliyekwenda akiwa amekata tamaa, ugonjwa unachosha. Ila swali sikuuliza, na lilikuwa swali la neno moja. Nikikwambia hii kazi ina uzito namaanisha uzito wa namna hiyo.

Inalipa? Kwa mshahara wa redio ya mkoani peke yake, hapana, na asikudanganye mtu. Mimi miezi saba ya kwanza nilikuwa napewa nauli tu. Sasa hivi naishi kwa kuunganisha: kipindi changu, kutafsiri na kusoma sauti za filamu za mafunzo, kufundisha watafiti namna ya kuongea na watu wa kawaida, na hiki cha mwisho kinalipa kuliko redio, wewe kitakufaa sana kwa sababu ni mwalimu. Kuna wakati kampuni moja ya viuatilifu ilitaka kudhamini kipindi changu kizima, hela nzuri, ila watuchagulie wao mtaalamu wa kuja studio. Nikakataa, kipindi kikasimamishwa miezi minne, ada ya mtoto niliikopa kwenye vikoba. Na ile bahasha ya nauli kwenye mikutano utapewa, kila mtu anapewa, na njaa ni kitu halisi, ila amua mapema kabla hujaishika mkononi. Sheria yangu ni kwamba aliyegharamia safari yangu namtaja hewani, kila mara, na wengine wakisikia hivyo bahasha wanairudisha mfukoni wenyewe.

TV sina mengi. Picha inasaidia, gharama inaua. Anza redio, na simu janja siku hizi inakupa video ya kutosha kuonyesha kile ambacho sauti haiwezi.

Kuhusu karatasi: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kiwango cha elimu kinachotakiwa ni kuanzia diploma ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Kwa hiyo digrii yako ya ualimu peke yake usiitegemee, fuatilia kwa Bodi ya Ithibati ujue wewe mwenye digrii ya fani nyingine unaingiaje, na uangalie stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja ambayo vyuo vingine wanatoa kwa watu kama wewe. Sio karatasi tu, utajifunza sheria ya kashfa, utajifunza kuhariri, utaacha kuitwa kanjanja. Alafu jisajili bure kwenye EurekAlert, ule mtandao wa Marekani ulioanza 1996, waandishi wanapewa tafiti siku kadhaa kabla hazijatangazwa kwa sharti la kutozitoa mpaka saa iliyopangwa, hiyo wanaiita embago na ukiivunja unaweza kufungiwa. Na ukipata utafiti wa nje uliofanyika huku kwetu, usitangaze mpaka umempata mtafiti wa Kitanzania aliyetajwa humo ndani, yupo karibu kila mara, jina la nne au la tano, na hakuna aliyewahi kumpigia simu. Wengi wanashangaa nikiwapigia. Wengine wananiambia ndo mara ya kwanza mama yao kuelewa wanafanya kazi gani.

Kwa hiyo usiache chaki bado. Malizia mkataba wako, una kitu ambacho mimi nakitafuta kila wiki, una vijana mia na kitu mbele yako wenye maswali. Waambie waandike kila mmoja swali moja kuhusu kitu cha nyumbani kwao, bila jina, ukusanye kwenye boksi. Chagua moja tu. Tafuta mtu mmoja anayejua na umrekodi akiwa kazini kwake, sio ofisini kwenye kiti, awe kwenye mibuni, au maabara, au kwenye mfongo wenyewe, maji yasikike. Funika simu na kipande cha kitambaa upepo usiharibu, sauti yako rekodi ukiwa umejifunika blanketi, utaonekana wa ajabu kwa wenzako wa nyumba ila sauti itatoka safi. Kata kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni bure, dakika nne zisizidi. Wapelekee redio yoyote ya Moshi bila kudai hela mara tatu za kwanza, mara ya nne dai.

Na kabla hujawapelekea, cheza hiyo dakika nne kwa mtu mmoja pale shuleni ambaye sio mwalimu, mpishi au mlinzi, alafu nyamaza usimweleze kitu. Akiuliza "hivi huyo mtu kajuaje?" na jibu halimo kwenye rekodi, rudi kamtafute mtaalamu wako tena. Ikishakuwa tayari niletee niisikilize. Skripti sihitaji, niletee sauti.